Kuvu Inayojificha Ndani ya Parachichi
Jinsi ya kuzuia matunda yasioze baada ya kuchumwa



Kila msimu hutokea jambo linaloleta ugomvi kati ya mkulima na mnunuzi. Mkulima huchuma maparachichi mazuri, magumu, yasiyo na doa. Huyapanga katika makreti, mnunuzi huyakagua, huridhika, huyachukua. Siku saba au kumi zikiisha, habari huja kwamba matunda yameoza. Mnunuzi hudai kuwa ameuziwa matunda mabovu. Mkulima naye huapa kwamba matunda yake yalikuwa mazima, na kwamba aliyeyaharibu ni dereva au mwenye ghala.

Mara nyingi wote wawili husema kweli waliyoiona kwa macho yao, lakini hakuna kati yao aliyeuona ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikwisha kuingia katika tunda miezi mingi kabla, tunda lingali mtini, nao ulikuwa umelala ukingoja. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Kijitabu hiki kinaeleza ugonjwa huo ni kitu gani, unaingiaje, kwa nini hauonekani mapema, na kazi gani hapana budi kufanywa shambani ili tunda lifike kwa mlaji likiwa zima.

1. KUVU NI KITU GANI

Kuvu, ambayo watu wengi siku hizi huiita fangasi, ni kiumbe kidogo kisichoweza kujitengenezea chakula kama mmea wenye majani mabichi. Hupata chakula chake katika vitu vingine, vilivyo hai au vilivyokufa. Ukungu juu ya mkate uliolala ni kuvu. Kutu ya majani ya kahawa ni kuvu. Hali kadhalika chule ya maharage.

Kuvu huzaa vijimbegu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Doa moja lenye unyevu juu ya tunda lililooza laweza kutoa vijimbegu maelfu kwa maelfu. Vijimbegu hivyo huchukuliwa na matone ya mvua, na vingine na upepo au wadudu, mpaka vifike mahali pa kuota.

Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, Mbozi na Kenya wanaijua chulebuni, ugonjwa unaooza buni changa mtini. Ugonjwa huo ulionekana mara ya kwanza magharibi ya Kenya mwaka 1922. Kuvu inayoozesha maparachichi ni ndugu yake wa ukoo mmoja, na wataalamu huuita ukoo huo Colletotrichum. Lakini ndugu hawa wana tabia mbalimbali. Ile ya kahawa huonyesha ubaya wake mapema, tunda likiwa bichi, na mkulima huona hasara yake shambani. Hii ya parachichi huficha ubaya wake mpaka tunda limechumwa na linaanza kuiva. Kwa hiyo hasara yake huonekana sokoni, na mkulima hudhani shamba lake halina ugonjwa.

2. JINSI KUVU INAVYOINGIA KATIKA TUNDA

Kuvu ya chule haihitaji tundu wala jeraha ili iingie, ingawa ikipata jeraha hufurahi. Huingia hivi:

Kwanza, mvua inanyesha juu ya mti. Maji yanagonga vijiti vilivyokufa, majani makavu yaliyonasa katika matawi, na matunda ya zamani yaliyonyauka yakabaki yananing'inia. Katika vitu hivyo ndimo kuvu inamozaa. Matone yanaporuka hubeba vijimbegu na kuviangusha juu ya matunda machanga yaliyo chini.

Pili, ikiwa ngozi ya tunda inakaa na maji kwa saa nyingi na hali ya hewa si ya baridi kali, vijimbegu huota. Kila kimoja hutoa mzizi mfupi, na mwisho wa mzizi huo hufanyika kidonge cheusi kinachonata juu ya ngozi kama kupe juu ya ng'ombe.

Tatu, kutoka chini ya kidonge hicho hutoka kitu chembamba kama ncha ya sindano, nacho hutoboa nta inayofunika ngozi ya tunda. Hapo kuvu husimama. Haiendelei mbele, wala hairudi nyuma. Haifanyi doa. Ukilikagua tunda hilo kwa macho, hata kwa kulikata, hutaona kitu.

Jambo hili laweza kutukia wakati wowote tangu tunda likiwa dogo kama punje ya haragwe hadi siku ya kuchumwa. Parachichi hukaa mtini miezi mingi, kwa hiyo hupata mvua nyingi na nafasi nyingi za kuambukizwa. Ndiyo maana sehemu zenye mvua kubwa na ukungu wa mara kwa mara, kama milima ya Rungwe, hupata taabu zaidi kuliko sehemu kavu.

3. KWA NINI INALALA, NA KWA NINI INAAMKA

Mtu aweza kuuliza: ikiwa adui amekwisha kuingia ndani ya nyumba, anangoja nini?

Jibu ni kwamba tunda bichi lina silaha yake. Katika ngozi ya parachichi bichi mna mafuta ya namna ya pekee ambayo ni sumu kwa kuvu. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa Israel walionyesha kwamba mafuta hayo yakiwa mengi kuvu haiwezi kukua, bali hubaki imelala. Tunda likisha kuchumwa na kuanza kuiva, sumu hiyo hupungua siku kwa siku. Wakati huo huo nyama ya tunda hulainika, na chakula cha kuvu huwa tayari. Hapo kuvu huamka.

Na kumbuka jambo moja kubwa juu ya parachichi: tunda hili haliivi mtini. Hukomaa mtini, lakini kulainika na kuiva huanza baada ya kuchumwa. Tunda la aina ya Hass laweza kungoja mtini muda mrefu baada ya kukomaa, na muda wote huo kuvu nayo imelala ndani yake. Siku unapolichuma, unakata usingizi wa vyote viwili, tunda na kuvu.

Basi unaona kwamba mwenye ghala hawezi kuiponya kazi iliyoharibika shambani. Yeye anaweza kuchelewesha tu. Ugonjwa huzuiwa mtini, miezi mingi kabla ya gari la mnunuzi kufika.

4. NAMNA MBILI ZA KUOZA

Mkulima aliyepata habari kwamba matunda yake yameoza yafaa aulize: yameoza vipi? Ziko namna mbili kubwa, na kila moja inaonyesha kosa lake.

(a) Chule. Huanza kwa madoa madogo ya mviringo, rangi ya kahawia, popote juu ya ngozi. Madoa hukua, huwa meusi, hubonyea kidogo, na mwisho huungana. Ukikata tunda katikati ya doa, utaona nyama iliyooza imechukua umbo la nusu mpira, tena mwanzoni ni ngumu kiasi hata yaweza kung'olewa kama kizibo. Mahali penye unyevu, juu ya doa hutokea utando wa rangi ya waridi. Huo ndio vijimbegu vipya. Tunda la aina ya Fuerte, ambalo hubaki kijani likiiva, huonyesha madoa haya waziwazi. Hass hugeuka kuwa zambarau au jeusi likiiva, kwa hiyo madoa hujificha chini ya rangi ya ngozi, na mlaji huyaona wakati wa kulikata.

(b) Kuoza kwa kikonyo. Uozo huanzia penye kikonyo na kushuka chini kuelekea kitako cha tunda. Ukilikata kwa urefu utaona nyuzi za kahawia zikishuka ndani ya nyama. Kuvu za namna hii ni za ukoo mwingine. Huishi ndani ya vijiti vya mti wenyewe bila kuonyesha ugonjwa, hasa mti ukiwa haujapata kiu wala udhaifu. Kutoka kijitini huingia katika kikonyo. Nyingine huingia penye jeraha la kikonyo siku ya kuchuma.

Ukiona madoa ya mviringo pande zote za tunda, tazama usafi wa mti na dawa. Ukiona kuoza kunaanzia juu, tazama namna yako ya kuchuma, ukomavu wa matunda, na afya ya mti.

5. KAZI YA KWANZA: USAFI WA MTI

Hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, nayo haihitaji fedha nyingi. Dawa haiwezi kushinda mti mchafu.

Baada ya mavuno, na kabla ya mvua kuanza, pita katika kila mti ukiwa na makasi ya kupogolea na msumeno mdogo. Katika Nyanda za Juu Kusini, ambako mvua huanza kama Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, kazi hii iwe imekwisha kabla ya mvua za kwanza. Katika Kilimanjaro na sehemu nyingi za Kenya, zenye masika na vuli, ifanywe katika kipindi cha kiangazi kilicho karibu na mwisho wa mavuno. Fanya hivi:

Ondoa vijiti vyote vilivyokufa. Tazama hasa ndani ya mti, katikati ya matawi, mahali pasipopata jua. Vijiti vyembamba kama kalamu ndivyo vyenye madhara makubwa, navyo ndivyo wakulima wengi huviacha.

Angusha matunda yote yaliyonyauka yakabaki mtini. Tunda moja la namna hiyo ni ghala la vijimbegu kwa matunda yote yaliyo chini yake.

Kung'uta majani makavu yaliyonasa katika panda za matawi.

Fungua katikati ya mti ili mwanga na upepo vipite. Mti ulio wazi hukauka upesi baada ya mvua, na kuvu hukosa saa zake za maji. Lakini usikate kwa pupa ukaacha matawi makubwa uchi mbele ya jua, maana gome la parachichi huungua. Ikiwa huna budi kukata tawi kubwa, paka chokaa nyeupe juu ya matawi yaliyobaki wazi.

Inua sketi ya mti. Matawi ya chini yanayogusa ardhi yakatwe mpaka pawe na nafasi ya kama sentimita 60 au zaidi kati ya ardhi na majani.

Takataka zote za miti na matunda zitolewe nje ya shamba, zifukiwe au zichomwe mahali pa salama. Matunda yaliyooza yafukiwe shimoni kina cha kutosha. Usiwape mbuzi, ng'ombe, punda wala sungura majani na magome ya mparachichi, kwa maana yana sumu inayoweza kudhuru moyo na viwele vya wanyama hao.

Hata hivyo, usifagie majani yote yaliyoanguka chini ya mti yakaanza kuoza na kuwa mboji. Majani hayo yanalinda mizizi na kuhifadhi unyevu, na yanasaidia mti dhidi ya ugonjwa wa kuoza mizizi. Kuvu inayotudhuru hapa hutoka zaidi juu, ndani ya matawi, kuliko chini.

Neno jingine juu ya afya ya mti. Mti wenye kiu, au ulioozeana mizizi kwa maji yaliyosimama, huzaa matunda yanayooza upesi penye kikonyo. Mti uliopewa mbolea nyingi ya chumvichumvi yenye naitrojeni huzaa matunda yenye ngozi na nyama dhaifu. Tumia samadi iliyooza vizuri na mbolea kwa kipimo, na kama udongo wako ni wenye tindikali nyingi, pata shauri la Bwana Shamba au Bibi Shamba juu ya kuweka chokaa. Tunda lenye madini ya chokaa ya kutosha hustahimili zaidi.

6. KAZI YA PILI: DAWA YA SHABA

Dawa zenye shaba zimetumika kulinda mimea tangu karne ya 19, wakulima wa zabibu wa Ufaransa walipochanganya mrututu na chokaa. Siku hizi madukani ziko dawa za shaba zilizo tayari katika pakiti.

Fahamu vizuri kazi yake. Dawa ya shaba ni ukuta, si tabibu. Hukaa juu ya ngozi ya tunda na kuua vijimbegu vinapoota. Kuvu iliyokwisha kutoboa nta na kulala ndani haiwezi kufikiwa nayo. Kwa hiyo kunyunyiza dawa wiki moja kabla ya kuchuma, kwa kuwa umesikia jirani yako matunda yameoza, ni kupoteza fedha na kuchafua matunda.

Anza kunyunyiza maua yakisha kupukutika na matunda yakiwa madogo. Rudia kila baada ya kama wiki nne wakati wote wa mvua. Ikiwa hakuna mvua, hakuna haja. Usinyunyize mti ukiwa umechanua na nyuki wanafanya kazi, kwa kuwa bila nyuki hutapata mazao.

Kipimo cha dawa fuata kile kilichoandikwa juu ya pakiti, wala usiongeze "kidogo cha bahati". Nunua dawa iliyosajiliwa tu. Katika Tanzania kazi ya kusajili ni ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ikiwa unauza matunda yako nje ya nchi, muulize mnunuzi kwanza dawa zinazokubaliwa na siku ngapi zipite kabla ya kuchuma. Andika katika daftari tarehe, dawa na kipimo.

Wakati wa kuchanganya, koroga unga katika maji kidogo kwanza mpaka ulainike, chuja, kisha mimina katika bomba lenye maji na ujaze. Tikisa bomba mara kwa mara, maana shaba huzama. Nyunyiza asubuhi kusipo na upepo, ndani na nje ya mti, mpaka matunda yalowe bila kutiririka. Vaa viatu vya mpira, glovu, kitambaa cha pua na nguo za mikono mirefu. Usile wala usivute sigara mpaka umenawa. Pakiti tupu isitumike tena kwa kazi yoyote nyumbani.

7. KAZI YA TATU: KUCHUMA

Hapa ndipo kazi ya mwaka mzima inapoweza kuharibika kwa siku moja.

Chuma tunda lililokomaa. Tunda changa haliivi vizuri; hunyauka, hubaki kama mpira, na huoza penye kikonyo. Dalali akija mapema na fedha mkononi, fikiri kwanza. Fedha ya matunda machanga ni fedha ya mara moja, kwa maana mlaji aliyenunua parachichi la mpira hanunui la pili. Kwa biashara ya mataifa, kipimo kilichokubaliwa cha Hass ni kwamba nyama yake ikikaushwa kabisa ibaki si chini ya asilimia 21 ya uzito wake, na wanunuzi wengine hutaka zaidi. Nyumbani unaweza kujaribu hivi: chuma matunda matano ya ukubwa wa kawaida kutoka miti mbalimbali, uyaweke ndani ya nyumba. Yakilainika sawasawa bila kunyauka, kwa kawaida katika siku 7 hadi 14, shamba limekomaa. Pia kata tunda moja utazame ngozi ya mbegu. Ikiwa nyeupe na nene, ngoja. Ikiwa imekuwa nyembamba na kahawia kama karatasi, tunda limekomaa.

Usichume matunda yakiwa yamelowa. Ngoja umande ukauke na mvua ipite. Tunda lililolowa ngozi yake hujeruhiwa kwa urahisi, na maji hupeleka vijimbegu moja kwa moja kwenye jeraha la kikonyo.

Kata kwa makasi, usinyofoe. Acha kikonyo kifupi cha milimita chache tu. Ukinyofoa, unaacha tundu wazi. Ukiacha kikonyo kirefu, kitachoma matunda mengine katika kreti. Kwa miti mirefu tumia upembo wenye mfuko na kisu. Kutikisa mti au kuyapiga matunda kwa fimbo ni kazi ya kuyaozesha.

Tunda lililoanguka chini lisichanganywe na mengine, hata likionekana zima. Lile peleka nyumbani, ulile au uliuze karibu.

Makasi yasafishwe kwa spiriti mara kwa mara, na kucha za wachumaji zikatwe. Kucha moja ndefu yaweza kujeruhi matunda mia kwa asubuhi moja.

8. KAZI YA NNE: BAADA YA KUCHUMA

Weka matunda kivulini mara moja. Kreti lililoachwa juani saa mbili hupata joto linaloamsha kuvu upesi. Kuvu ya chule hupenda joto la nyuzi 25 hadi 28 za sentigredi. Humo hukua kwa nguvu zote.

Tumia makreti ya plastiki safi, yaliyooshwa na kukauka. Gunia la lumbesa halifai kabisa. Tunda la chini hubeba uzito wa yote, na nta ya ngozi husuguliwa njia nzima. Usijaze kreti kupita ukingo.

Ondoa kila tunda lenye jeraha, lililotobolewa na nzi wa matunda, au lililoanza kulainika. Tunda linaloiva au kuoza hutoa hewa inayoyaivisha mengine. Hivyo tunda moja bovu laweza kuamsha kreti zima.

Yafike penye ubaridi siku ile ile kama iwezekanavyo. Hass iliyokomaa huhifadhiwa katika nyuzi kama 5 hadi 7. Chini ya hapo tunda huweza kuumia kwa baridi, nyama ikawa ya kijivu. Baridi hailiui kuvu, huilaza tena. Ndiyo maana safari ndefu ni mtihani. Mwishoni mwa mwaka 2023 meli nyingi ziliacha kupita Bahari ya Shamu kwa sababu ya hatari ya vita, zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema kusini mwa Afrika. Safari ya kwenda Ulaya ikaongezeka kwa majuma. Matunda yaliyotoka katika miti michafu hayakuweza kuvumilia siku hizo za ziada.

Usichovye matunda katika dawa yoyote nyumbani kwa kudhani utaua kuvu. Kuvu iko chini ya nta, na dawa itabaki kwa mlaji.

9. JARIBIO LA KUFANYA MWENYEWE

Usiamini maneno ya kijitabu tu. Jaribu shambani mwako.

Chagua miti minne inayofanana. Miwili isafishe kama ilivyoelezwa katika sehemu ya tano. Miwili iache kama ulivyozoea. Wakati wa kuchuma, chukua matunda 20 kutoka kila mti, uyatie alama, uyaweke katika chumba chenye kivuli yaive. Yakilainika, kata kila tunda kwa urefu. Hesabu yaliyo na madoa ya chule na yaliyooza penye kikonyo, uandike katika daftari.

Jaribio hili lina faida nyingine kwa vyama na vikundi. Tuseme kikundi cha wakulima 10 kila mmoja analeta kreti 10. Jumla ni kreti 100. Mmoja tu ana miti michafu. Kreti zake zikichanganywa na za wenzake bila alama, mnunuzi akikuta uozo hatajua ni wa nani, atapunguza bei ya wote 100, au hatarudi mwaka ujao. Wakulima tisa waliofanya kazi njema wataadhibiwa kwa uvivu wa mmoja. Kwa hiyo kila kreti liwe na namba ya mkulima, na kila mkulima aweke nyumbani matunda 20 ya siku ile ya kuchuma. Likitokea neno, kikundi kitakuwa na ushahidi wa kusema nalo, wala hakitabishana kwa viapo.

10. MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Swali: Je, parachichi lenye doa la chule lina sumu?
Jibu: Sehemu yenye doa huwa chungu na haifai kuliwa. Kama doa ni moja dogo, kata upana wa kutosha kulizunguka, ule sehemu iliyo nzima. Tunda lililooza sehemu kubwa, lifukie.

Swali: Mti wangu ni wa kienyeji, mrefu sana. Nifanyeje?
Jibu: Kunyunyiza mti mrefu ni shida. Ni afadhali kuupunguza kimo kidogo kidogo kwa miaka miwili au mitatu, au kupanda mche uliobebeshwa na kuulea ukiwa mfupi tangu mwanzo.

Swali: Nina fedha ya kazi moja tu. Nifanye ipi?
Jibu: Usafi wa mti. Makasi hudumu miaka mingi, na pakiti ya dawa huisha kwa siku moja.

Swali: Nimefanya yote, na bado matunda machache yameoza. Kwa nini?
Jibu: Hakuna njia inayomaliza kuvu yote. Shabaha ni kuipunguza hata uozo usizidi faida. Safisha kila mwaka, utaona tofauti ikiongezeka.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Kuvu huingia tunda likiwa mtini, huamka tunda likiiva.
2. Toa vijiti vikavu na matunda yaliyonyauka kabla ya mvua.
3. Dawa ya shaba ni kinga. Itangulie mvua, isiifuate.
4. Chuma lililokomaa, lililo kavu, kwa makasi, na kikonyo kifupi.
5. Kivulini mara moja, katika kreti safi, penye ubaridi siku ile ile.
6. Tia alama kreti zako, weka matunda 20 nyumbani.

Mwaka huu, kabla wingu la kwanza halijakusanyika, ingia shambani ukasimame chini ya mti mmoja na kutazama juu. Hesabu vijiti vikavu unavyoviona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Anza na mti huo.